Neno la Mgomaji na Mkono wa Waziri

Binadamu hunena kwa namna mbili. Hunena akiwa chini, wakati hana nguvu juu ya mtu ila ulimi wake. Na hunena akiwa juu, wakati ulimi wake umekuwa amri. Aghalabu kauli hizi mbili hazifanani. Watazamaji wanapoziona hazifanani huwa wepesi wa kuhukumu. Baadhi yao husema kwamba mtu huyo ni msaliti, amewauza wenziwe kwa bei ya kiti. Wengine husema kwamba amekomaa, ameacha ndoto za ujana na kuyakabili mambo yalivyo. Hukumu zote mbili zina upungufu mmoja: zinamtazama mtu peke yake, wala hazimtazami yule aliyebaki mahali alipoondoka. Swali lenyewe ni gumu zaidi. Je, neno alilolisema mtu alipokuwa mnyonge humfunga atakapokuwa mkuu? Na kama humfunga, humfunga kwa kiasi gani, na deni lake hulipwa kwa nani?

Swali la namna hii halijibiwi vema kwa maneno matupu. Lahitaji maisha ya mtu yaliyokwisha, ambayo mwanzo wake na mwisho wake vyaonekana pamoja. Maisha ya Robert Semple wa Nyuzilandi yafaa sana kwa kazi hii. Mwaka 1916 alikamatwa na kutiwa gerezani kwa sababu ya kuipinga sheria ya kuwatia watu jeshini kwa lazima. Mwaka 1940, akiwa Waziri wa Utumishi wa Taifa, aliingiza mkono katika chombo cha kura akatoa gololi ya kwanza ya kuwachagua vijana wa kutiwa jeshini kwa lazima. Kati ya gereza lile na chombo kile imepita miaka 24. Mtu ni yule yule, nchi ni ile ile, na jambo lenyewe ni lile lile. Kilichobadilika ni mahali aliposimama.

Semple hakuwa mzaliwa wa nchi aliyoitawala. Alizaliwa mwaka 1873 karibu na Sofala, katika jimbo la New South Wales, Australia, nchi ya machimbo ya dhahabu. Akaingia katika kazi ya uchimbaji angali mtoto, kama walivyoingia watoto wengi wa maskini katika zama zile. Mwaka 1903 wachimba makaa ya mawe wa jimbo la Victoria waligoma, naye akawa miongoni mwao. Baada ya mgomo jina lake liliandikwa katika orodha ya watu ambao matajiri walikubaliana wasipewe kazi. Hapo alivuka bahari kwenda Nyuzilandi. Hakuvuka kwa kutafuta ukuu; alivuka kwa sababu mlango wa riziki ulikuwa umefungwa nyuma yake.

Alifikia Runanga, mji mdogo wa wachimbaji katika pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kusini. Machimbo ya Runanga yalikuwa mali ya serikali. Kwa hiyo, kabla ya kuwa mtu wa serikali, Semple alikuwa kibarua wa serikali, akaiona kwanza kutoka shimoni, kama tajiri mwingine mwenye kupima jasho la watu kwa saa. Huenda jambo hili ni dogo, lakini si la kusahauliwa. Yeye hakuhitaji kufundishwa na mtu kwamba serikali yaweza kuwa bwana mgumu.

Mhamiaji huingia katika nchi ambamo hana kaburi la babu wala shamba la baba. Jina lake halina mashahidi. Hana mjomba wa kumdhamini wala mzee wa kumwombea msamaha akikosa. Katika hali hiyo chama cha wafanyakazi kwake si chombo cha kuombea mshahara tu. Ni ukoo. Wale wanaoshuka naye shimoni ndio wanaojua kama yeye ni mwoga au hodari, mkweli au mwongo. Na siku paa la mwamba linapoanguka ndio watakaofukua mawe kwa mikono yao. Mwenyeji aweza kukiacha chama chake na bado akawa na kwao. Mhamiaji akikiacha huwa mgeni mara ya pili.

Ukoo huo ulijaribiwa mapema. Mwaka 1908 huko Blackball, karibu na Runanga, wachimbaji walipewa dakika 15 za kula chakula chao chini ya ardhi. Walitaka dakika 30. Mmoja wao, Pat Hickey, alikula kipande chake cha mkate wa nyama bila kuiharakisha saa ya tajiri, akaonywa, na baadaye watu saba wakafukuzwa kazi. Mgomo uliofuata ulichukua majuma 11, na wachimbaji wakashinda. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo Paddy Webb, mhamiaji mwingine kutoka Victoria. Katika ushindi ule lilizaliwa shirikisho la wachimbaji, na mwaka 1909 likawa Shirikisho la Kazi la Nyuzilandi, ambalo watu waliliita jekundu kwa ukali wa maneno yake. Semple alikuwa mmoja wa viongozi wake na mpiga mbiu wake mkubwa. Sauti yake ilikuwa nzito na ulimi wake ulichoma. Katika mgomo mkuu wa mwaka 1913 alikamatwa pamoja na viongozi wengine, akiwamo Peter Fraser, Mskoti aliyekuwa amefika nchini miaka miwili tu kabla ya hapo.

Haki yataka pia kusema kwamba wahamiaji wote hawakuwa sawa. Mchimbaji mweupe kutoka Australia aliingia Nyuzilandi bila kulipa kitu. Mchimbaji wa dhahabu kutoka China alitozwa pauni 10 kwa kichwa chake tangu mwaka 1881, na pauni 100 tangu mwaka 1896. Tena nchi yenyewe ilikuwa na wenyewe, Wamaori, ambao ardhi yao kubwa ilikwisha kuchukuliwa kwa vita, kwa sheria na kwa ununuzi. Basi udugu wa shimoni ulikuwa udugu wa kweli, lakini ulikuwa na mipaka, na waliokuwa ndani yake hawakuiona sikuzote. Kodi ile ya Wachina haikufutwa kabisa katika sheria mpaka mwaka 1944, na waliofuta walikuwa serikali ya wahamiaji hao hao walioinuka. Hilo ni la kuwasifu, japokuwa lilichelewa.

Vita vya kwanza vya dunia ndivyo vilivyoyatia maneno ya watu hawa katika mizani. Mwaka 1916 Bunge la Nyuzilandi lilitunga sheria ya kuwatia wanaume jeshini kwa lazima. Katika Australia jambo hilo lilipelekwa kwa wananchi kwa kura mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, na wananchi wakalikataa. Katika Nyuzilandi wananchi hawakuulizwa. Chama cha Labour, kilichoundwa Julai mwaka huo, kilikuwa na hoja iliyo rahisi kuifahamu: ikiwa serikali haithubutu kuchukua mali ya tajiri kwa lazima, kwa haki gani yachukua uhai wa maskini kwa lazima? Mali hurudishwa ikipotea, uhai haurudi.

Semple aliisema hoja hiyo hadharani kwa ulimi wake ule wa moto. Mwezi wa Desemba alikamatwa kwa kosa la uchochezi, akahukumiwa kifungo cha miezi 12. Fraser alipata kifungo kama hicho. Fraser alijitetea kwamba hakuwafundisha watu kuivunja sheria, bali aliitaka sheria yenyewe ifutwe. Mahakama haikuona tofauti. Webb, aliyekuwa mbunge wakati huo, aliitwa jeshini akakataa, na mwaka 1918 mahakama ya jeshi ilimhukumu miaka miwili ya kazi ngumu. Akapoteza kiti chake cha Bunge.

Lakini wako waliopata makubwa kuliko hayo. Mwezi wa Julai 1917 watu 14 waliokataa kushika silaha walitiwa melini kwa nguvu wakapelekwa Ulaya, ili washurutishwe mbele ya mizinga yenyewe. Mmoja wao alikuwa Archibald Baxter, mkulima. Huko alifungwa juu ya mti wa adhabu nje katika baridi, wala hakukubali kuwa askari. Mwenzake, Mark Briggs, naye aliteswa asikubali. Habari za mateso yale zilipofika nyumbani zilikuwa kama kidonda katika dhamiri ya chama cha Labour. Kidonda hicho ndicho kilichowapa watu haki ya kutazamia kwamba siku chama hiki kitakapotawala, mtu mwenye kukataa vita hatatendewa kama mhalifu.

Siku hiyo ilifika. Semple aliingia Bungeni mwaka 1918, akashindwa mwaka uliofuata, akarudi katika kazi ya mikono, naye akasimamia vikundi vya wachimbaji waliopasua mahandaki kwa ushirika. Mwaka 1928 alirudi Bungeni. Mwishoni mwa mwaka 1935 chama cha Labour kilishinda uchaguzi. Waziri Mkuu alikuwa Michael Joseph Savage, mzaliwa wa Victoria. Katika baraza lake walikuwamo Fraser wa Uskoti, Walter Nash wa Uingereza, Webb wa Victoria, Bill Parry wa New South Wales, na Semple, aliyepewa Wizara ya Ujenzi. Wale waliofukuzwa, waliofungwa, na walioandikwa katika orodha za matajiri, sasa walikaa mezani.

Ni kosa kusimulia habari hizi kana kwamba cheo kiliwaharibu mara moja. Serikali ile ilijenga nyumba za kupangishwa wafanyakazi, na mwaka 1938 ilitunga Sheria ya Hifadhi ya Jamii iliyomwondolea maskini hofu ya ugonjwa na uzee. Semple aliwakuta maelfu ya watu wasio na kazi ambao katika miaka ya shida walipewa sepetu na toroli ili mradi waonekane wanafanya kitu. Akaleta mitambo. Ili watu wafahamu kwamba zama zimegeuka, alipanda tingatinga akayaponda matoroli hadharani. Kitendo kile kilikuwa cha mtu aliyejua uzito wa toroli katika mabega yake mwenyewe. Haikosi kusemwa kwamba kilikuwa pia na kiburi kidogo, lakini kilikuwa kiburi cha wengi, wala si cha mtu mmoja.

Septemba 1939 vita vya pili vilianza. Savage alifariki mwezi wa Machi 1940, na Fraser akawa Waziri Mkuu. Mwezi wa Mei serikali ilijipa kwa sheria mamlaka juu ya watu na mali zao, na mwezi wa Juni ukatangazwa uandikishaji wa lazima. Mfungwa wa mwaka 1916 akawa mwenye kutia sahihi, na mfungwa mwenzake akawa mwenye kutoa gololi. Semple hakujificha nyuma ya karani. Alisimama mbele ya macho ya watu, akaingiza mkono, akatoa.

Wapo waliomtetea, na utetezi wao una hoja tatu zisizodharaulika.

Hoja ya kwanza yasema kwamba vita havikuwa sawa. Vita vya mwaka 1914 vilikuwa ugomvi wa madola juu ya nchi na biashara, na mfanyakazi hakuwa na shauri ndani yake. Vita vya mwaka 1939 vilikuwa dhidi ya mtawala ambaye Mei 1933 aliziteka ofisi za vyama vya wafanyakazi vya Ujerumani kwa siku moja, akavivunja na kuwatia viongozi wao kizuizini. Mtu wa chama asiyeweza kuona tofauti hiyo angekuwa kipofu. Hoja hii ina nguvu kubwa. Hata hivyo, haimalizi jambo. Mwaka 1916 Semple na wenziwe walinena kwa maneno mapana. Hawakusema tu kwamba vita vile vilikuwa viovu; walisema pia kwamba serikali haina haki ya kuimiliki dhamiri ya mtu. Neno la kwanza hubadilika vita vikibadilika. Neno la pili halibadiliki, kwa kuwa halikutegemea vita.

Hoja ya pili yasema kwamba serikali haikuwa sawa. Sheria ya mwaka 1916 ililetwa na wakubwa ambao mfanyakazi hakuwaweka. Ile ya mwaka 1940 ililetwa na serikali aliyoichagua mwenyewe mara mbili, mwaka 1935 na mwaka 1938. Tena serikali hii haikugusa miili ya watu tu, bali ilijipa uwezo juu ya mali pia, na kodi za wenye kipato zikapanda. Kwa hiyo sharti lililotajwa mwaka 1916 lilitimizwa, au lilikaribia kutimizwa. Hoja hii nayo ni ya haki. Lakini wingi wa kura huweza kumpa mtawala uhalali wa kuamuru, wala hauwezi kumgeuza mwenye kukataa awe mwovu. Ikiwa Semple alikuwa mtu mwema katika gereza la mwaka 1916, wema wake haukutokana na uchache wa kura za serikali ile.

Hoja ya tatu yasema kwamba kazi haikuwa sawa. Kiongozi wa chama huwekwa na wanachama wake ili awatetee wao. Waziri huwekwa awe mlinzi wa watu wote, hata wale asiowapenda. Cheo ni dhamana. Mwenye dhamana hawezi kusema alivyosema alipokuwa hana kitu mkononi. Hoja hii ndiyo yenye kina kuliko nyingine, nayo ndiyo inayomrudia mwenyewe. Kwa maana ikiwa waziri amewekewa dhamana ya watu wote, basi wamo ndani yake pia watu wale wachache wanaosimama mahali alipokuwa amesimama yeye.

Hapa ndipo mizani inapoinama. Katika vita vya pili Wanyuzilandi wapatao 800 walizuiliwa katika kambi kwa sababu ya kukataa utumishi wa jeshi. Baadhi ya kambi hizo zilikuwa katika nchi kame ya katikati ya Kisiwa cha Kaskazini, kama ile ya Strathmore. Ni kweli kwamba baraza za rufaa zilisikiliza maombi ya dhamiri, na baadhi ya waombaji wakakubaliwa. Ni kweli pia kwamba hakuna aliyetiwa melini kwa nguvu kama Baxter. Fundisho hilo lilikuwa limeshika. Lakini wale ambao baraza hazikuwakubali, wakaendelea kukataa, hawakupewa kifungo cha mwaka mmoja wala miwili. Waliwekwa mpaka vita viishe, na hakuna aliyejua vita vitaisha lini. Wengine hawakutoka mpaka mwaka 1946. Semple alipohukumiwa miezi 12 aliijua siku yake ya kutoka, akaweza kuihesabu ukutani. Watu waliozuiliwa chini ya serikali yake hawakuwa na ukuta wa kuhesabia. Adhabu yenye mwisho humwadhibu mtu kwa alilolitenda. Isiyo na mwisho humwadhibu kwa jinsi alivyo.

Miongoni mwa waliozuiliwa alikuwamo Terence Baxter, mwana wa Archibald. Kitabu cha baba yake juu ya mateso ya vita vya kwanza kilikuwa kimetoka mwaka 1939, na Mark Briggs alikuwa amepewa na serikali ya Labour kiti katika baraza la juu la Bunge tangu mwaka 1936, kwa heshima ya uvumilivu wake. Basi serikali moja ilimheshimu mkataa vita wa jana na kumfungia mkataa vita wa leo. Haikuwa kwamba haikujua. Ilijua, ikamtukuza aliyepita na kumsumbua aliyepo. Huu ni udhaifu ulioenea katika wanadamu wote: ushujaa wa zamani hausumbui mtu, kwa kuwa haudai kitu leo.

Kwa hiyo kosa la Semple, kama lipo, halipo katika gololi. Mtu huruhusiwa kubadili shauri. Asiyebadili kamwe si mwaminifu zaidi ya wengine, huenda ni mkaidi tu. Naye alibadili hadharani, jambo ambalo wakuu wengi hawathubutu. Kosa ni kwamba alibadili shauri akalisahau deni. Neno alilolisema mwaka 1916 halikumlazimisha kufikiri vivyo hivyo maisha yake yote. Lilimlazimisha jambo moja dogo na gumu: kwamba akipewa nguvu, atamtendea mwenye kulisema neno lile kama yeye mwenyewe alivyotamani kutendewa. Deni la maneno ya mnyonge halilipwi kwa waliomsikiliza zamani, maana wengi wao wamekwisha kuinuka pamoja naye. Hulipwa kwa mnyonge mpya, ambaye pengine haungwi mkono na mtu.

Habari za migomo zinathibitisha jambo hilo hilo kwa upande mwingine. Mwezi wa Septemba 1942 wachimba makaa ya mawe wa Waikato waligoma, na Waziri wa Migodi alikuwa Webb, yule aliyefukuzwa Blackball kwa ajili ya dakika za kula. Wachimbaji walishtakiwa wakahukumiwa vifungo, kwa kuwa kugoma wakati wa vita kulikatazwa. Lakini vifungo vile vilisimamishwa, na serikali ikashika usimamizi wa machimbo mpaka vita viishe. Wapinzani wa Labour walikasirika, wakasema huo ni udhaifu mbele ya wavunja sheria. Haukuwa udhaifu. Watawala wale walikumbuka, japo kwa nusu, harufu ya shimo. Kwa mchimbaji waliweza kukumbuka, kwa sababu alikuwa wa ukoo wao. Kwa mkataa vita ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu hakuwa na chama chenye kura nyuma yake. Basi lile lililokuwa nguvu ya mhamiaji, yaani udugu wa wenzake wa kazi, likawa pia mpaka wa huruma yake.

Katika uzee wake Semple alizidi ukali. Vichekesho vilimfuata, hasa kwa sababu ya gari lake la vita la mwaka 1940 na 1941, lililoundwa kwa trekta na mabamba ya chuma yenye mikunjo, lisilopigana hata siku moja. Kicheko hicho hakina maana kubwa. Nchi ilikuwa na hofu ya kuvamiwa, naye alitumia alichokuwa nacho. Lililo na maana ni kijitabu chake cha mwaka 1948 cha kuwashambulia wakomunisti. Mtu ambaye zamani aliitwa mwekundu na mchochezi sasa aliwatafuta wekundu na wachochezi. Huenda alikuwa na sababu nzuri za kuwapinga. Lakini lugha iliyotumiwa juu yake miaka 30 nyuma ilikuwa imepata msemaji mpya.

Mwaka 1949 serikali ya Fraser ilitaka uandikishaji wa lazima wakati wa amani. Safari hii wananchi waliulizwa kwa kura mwezi wa Agosti, wakakubali kwa wingi mkubwa. Katika jambo hili moja dai la kale la kuulizwa wananchi lilipata heshima yake, japokuwa wengi katika chama walinung'unika. Mwezi wa Novemba Labour ilishindwa katika uchaguzi. Semple alifariki mwaka 1955.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hawezi kuyasoma haya kama habari za mbali. Rashidi Kawawa, katibu mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Kazi la Tanganyika lililoundwa mwaka 1955, alikuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, mwaka ambao sheria mpya zilibana haki ya kugoma. Mwaka 1964 shirikisho lenyewe lilivunjwa, na mahali pake ukawekwa umoja mmoja ambao katibu wake mkuu, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huo huo Waziri wa Kazi. Katika Kenya, Tom Mboya alitoka katika uongozi wa shirikisho akawa Waziri wa Kazi mwaka 1962, akasimamia mkataba wa wafanyakazi na waajiri wa mwaka huo. Hoja zilizotolewa hapa zilikuwa zile zile za Nyuzilandi: serikali ni yetu sasa, nchi ni changa, na mwenye dhamana ya wote hawezi kuwa mtumishi wa wachache. Zina ukweli, na kwa sababu hiyo hiyo hazikupaswa kumnyamazisha anayeuliza.

Kenya ilikuwa pia na mhamiaji wake, Makhan Singh, aliyezaliwa Punjab mwaka 1913 akaja Kenya angali kijana. Aliongoza chama cha wafanyakazi tangu mwaka 1935, akakamatwa mwaka 1950, asiachiliwe mpaka mwaka 1961. Yeye hakupewa wizara. Ni rahisi kumsifu kwa kumlinganisha na Semple na kusema kwamba neno lake halikubadilika. Lakini sifa hiyo ina kasoro, kwa maana hakujaribiwa kwa cheo. Alijaribiwa kwa miaka 11 ya kuzuiliwa, nao ni mtihani wa namna nyingine. Kizuizi hupima kama mtu atalishika neno lake likimwumiza yeye mwenyewe. Cheo hupima kama atalikumbuka likimtetea mtu mwingine. Waliofaulu mtihani wa kwanza ni wengi kuliko waliofaulu wa pili, na Semple alikuwa mmoja wao.

Basi jibu la swali laweza kutolewa bila kumwita mtu msaliti na bila kumtakasa. Neno la mnyonge humfunga mkuu, lakini halimfungi kwenye shauri. Humfunga kwa mtu. Mwenye kuinuka aweza kuziacha fikira zake za zamani zote, moja baada ya moja, kwa sababu njema, na bado akawa mwaminifu, ikiwa anapomwona mwingine akisimama penye fikira hizo anamjua. Asipomjua, hata kama hakubadili shauri lolote, ameondoka kweli. Semple alimjua mchimbaji mpaka mwisho. Kijana wa Strathmore hakumjua, ingawa kijana yule alikuwa amesimama mahali pale pale aliposimama yeye mwezi wa Desemba 1916, akisema maneno yale yale, naye hajui siku ya kutoka.